Masika Alisomea Kilioni

Harufu ya muhogo mkavu inanirudisha nyuma hadi leo. Napita sokoni Butembo, mama mmoja amemwaga vipande vyake juu ya bâche, turubai, avianike, nami nasimama bila kujua kwa nini nimesimama. Wengine muhogo mkavu unawakumbusha ugali. Mimi unanikumbusha kemia. Wakati wa vita chaki zilikwisha mjini, na mwalimu aliyekuja kumfundisha dada yangu aliandika ukutani kwa kipande cha muhogo. Kila formule iliangusha unga mweupe sakafuni, na Mama aliufagia.

Juzi jirani yangu, mwenye mtoto finaliste, wa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliniuliza tukiwa tunaanika nguo: "Mama, wewe unaona nini? Nimutafutie mwalimu, répétiteur wa nyumbani, ao nimutume mu cours pamoja na benzake?" Nilimjibu ovyoovyo, kwamba kila mtoto na kichwa chake, nikaingia ndani nikakaa. Aliniona mtu wa kiburi, najua. Mais ninyi mliokuwa watoto pamoja nami katika miaka ile mtanielewa. Swali hilo hilo lilitaka kuvunja nyumba yetu.

Yaya Masika, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa mzaliwa wa kwanza, mimi wa mwisho. Alikuwa mwaka wa sita, section biochimie, lakini shule yake ilikuwa imekaliwa na askari, na madawati yalikuwa yamekwisha kupikia maharagwe yao. Hata hivyo tulisikia kwamba mtihani wa Leta, wa serikali, examen d'État yenyewe, ungefanyika, na kwamba finalistes wa upande wetu wangeufanyia Beni. Masika alichukua habari ile akaishikilia kwa mikono miwili. Kwake haikuwa habari ya cheti tu. Papa alikuwa anapanda Masereka kununua viazi na kuviuza Kirumba, na alivipakia katika lori la tajiri mmoja wa Kirumba tuliyemwita Patron. Patron alikuwa na mtoto wa kiume, na alikuwa amemtaka Masika kwa ajili yake. Papa hakuweza kumkatalia mwenye lori, basi walikubaliana hivi: Masika akipata diplôme, ataendelea kusoma na Patron atanyamaza. Akikosa, mbuzi za mahari zitapanda kutoka Kirumba, na Masika atashuka huko.

Sote tulilijua neno hilo. Masika alilijua kuliko sote.

Papa alitaka cours. Ilikuwa inafanyika katika salle, ukumbi wa parokia moja, walimu kadhaa pamoja, wanafunzi wanalala pale pale, wanapika chungu kimoja, wanachambua maswali ya miaka iliyopita mpaka macho yanakuwa mekundu. Sisi tunaita maquis, na kila familia ya kwetu yenye finaliste inaijua. Mama hakutaka hata kuisikia.

"Batoto bote mu nyumba moja?" alimwambia Papa, huku anamenya viazi na kukata minofu pamoja na maganda, kwa hasira. "Ni kuwakusanyia benye bunduki. Batakuja kubapakia tu. Mwalimu aje hapa, amufundishe hapa, nimuone na macho yangu."

"Mwalimu mumoja atajua nini?" Papa akasema. "Wa kemia anajua kemia. Na français? Na philosophie? Ule mutoto atakosa, na ni wewe njo utakuwa umemukosesha."

"Akose akiwa muzima."

Papa alichukua koti lake. "Fanya namna unataka," alisema, akaenda kungojea lori la Kirumba. Kwa wanaume wa kwetu hayo ndiyo maneno ya kushindwa.

Mimi nilisikiliza yote haya nikiwa chini ya meza, na nilielewa vibaya kama ilivyo kazi ya watoto. Nilijiambia kwamba Mama anataka mbuzi. Kwa nini basi achague njia ambayo Papa mwenyewe amesema ni ya kukosa? Mimi pia nilizitaka mbuzi hizo, mmoja nilikuwa nimekwisha kumpa jina, lakini nilimchukia Mama kwa kuzitaka. Nilimtazama akimpakulia Masika uji, nikaona mtu anayenenepesha dada yangu kwa safari ya Kirumba.

Mwalimu Kambale alifika juma lile lile. Alikuwa amekimbia kutoka Eringeti kwa miguu na koti moja, veste nyeusi, na aliivaa kila siku, hata jua likiwaka. Walipaka ukuta wa chumba cha katikati kwa makaa na ule mkaa wa ndani ya piles, betri za redio zilizokufa, ukawa ubao. Mara nyingine alikuwa katikati ya neno, anakaa kimya, kichwa kimeinama upande wa barabara. Masika naye alishika kalamu juu. Halafu gari linapita, ao linakuwa ni chukudu tu, skuta ya mbao ya kusukuma, linashuka na kuni, na anaendelea na neno lile lile pale alipoliacha. Kwa kemia hakuna aliyemshinda. Mais Masika alipomuuliza juu ya dissertation, insha ya français, alijikuna kidevu na kusema wataona kesho. Baada ya siku chache Masika aliacha kumuuliza, na niliona anakula kidogo.

Halafu siku moja, mchana kweupe, askari waliingia katika ile salle ya parokia. Walichukua magodoro, walichukua chungu na maharagwe ndani yake, na walichukua vijana wawili wa kuwabebea mizigo. Mmoja alirudi. Mwingine wazazi wake walimngojea miaka, na mama yake aliacha kutoka nyumbani. Walimu wa cours walitawanyika siku ile ile, kila mmoja na njia yake. Mama hakusema kwamba yeye ndiye aliyeona sawa. Alinifungia nguo na kunituma kwa mama mdogo, ng'ambo ya mji, mpaka mambo yatulie.

Yaliyofuata sikuyaona. Masika alinisimulia tukiwa wanawake wazima. Mwalimu Kambale alikuja asubuhi, na nyuma yake finalistes wa ile salle, wavulana na wasichana, wengine bado na matope ya kukimbia.

"Mama Masika," alisema, "hawa njo wamebaki. Iko benye kujua français kunipita, iko benye kujua philosophie. Mimi niko na kemia na maths. Masika peke yake hataweza. Hawa nabo peke yabo hawataweza."

"Njo kitu nilikataa, Mwalimu. Unaniletea ile maquis mu nyumba yangu."

"Ndiyo, Mama. Njo ile."

Masika akasema polepole, akitazama chini, "Mama, nikikosa, ninaenda Kirumba. Unajua."

Mama alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Halafu akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, ni mahali gani watu wanaweza kujaa na askari wasiingie. Mmoja wa wasichana akasema kanisani. Mama akasema kanisani wanaingia. Ni Mwalimu aliyetaja neno lenyewe, na alilitaja kwa sauti ya chini: "Ku kilio."

Kwetu nyumba ya kilio ni nyumba ya kila mtu. Ndugu wanatoka mbali, vijana wanalala hapo siku nyingi, wanakula hapo, hakuna anayeuliza huyu ni wa nani. Hata mwenye bunduki anavua kofia na kupita, kwa sababu anayechukua kitu penye maiti anachukua na mkosi wake. Mama alifanya ishara ya msalaba. Kumlilia mtu asiyekufa ni kumwitia kifo kwa jina, na yeye aliliamini hilo mpaka mwisho wa maisha yake. Mwishoni aliamua kwamba watamlilia shangazi yake wa Masereka, mama mzee aliyekuwa amekwisha kufa zamani. "Ule hatakasirika," alisema. "Alipenda watu bajae kwake."

Mimi nilirudi asubuhi iliyofuata, peke yangu, na kikapu cha avoka kichwani. Hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuniambia. Nilipofika penye mikaratusi, niliona matawi ya mungazi, mchikichi, yamefungwa pande mbili za kiingilio cha uwanja wetu. Matawi hayo hakuna mtoto wa kwetu anayehitaji kufasiriwa: hapa kuna aliyekufa. Uwanjani gogo lilikuwa linatoa moshi, wanaume wa jirani wamelizunguka, na Mama yuko chini juu ya mkeka, kiuno kimefungwa kitambaa, miguu ameinyoosha. Masika nilimwona mlangoni. Aliyekosekana alikuwa Papa. Barabara ya Kirumba ilikuwa inaua watu, tulisikia kila siku, na Papa alikuwa juu yake.

Nyuma yangu viatu vilisimama. Walikuwa askari wawili. Mmoja aliniuliza, kwa ule mchanganyiko wao wa Kiswahili na Lingala, "Petite, nani akufi awa?" Nani amekufa hapa. Sote tulikuwa tumekwisha kujua maneno yao.

"Ni Papa," nilisema, na kikapu kikaanguka.

Mama alinisikia. Jina la shangazi lilikuwa tayari mdomoni mwake, na niliona uso wake unageuka kwangu, na nilishangaa kwamba ulikuwa na hofu kuliko huzuni. Halafu alifunga macho, akaweka mikono kichwani, na akalia jina la mume wake. Wanawake wote wakamfuata. Mimi nilianguka kwake na kulia mpaka nikatapika. Askari alivua kofia, akasema pole, wakaenda zao.

Tangu saa ile maiti wetu alikuwa Papa, na hatukuweza kumbadilisha, kwa sababu askari wale wale walipita kila siku.

Mama alinivuta jikoni, akanishika mashavu. "Papa yako hajakufa. Unasikia? Hajakufa. Ni ju ya masomo ya Masika." Masomo yanahusiana nini na kifo? Na nilijua tabia ya wakubwa. Rafiki yangu aliambiwa mwaka mzima kwamba mama yake amekwenda Beni kutafuta chumvi. Basi nilijua: wakikuambia hajakufa, amekufa. Na kila nilichokiona kilinihakikishia. Mama hakula. Alikwenda kila wakati penye matawi kutazama barabara ya kusini, akarudi akiwa amepauka. Nilimsikia akimwambia Masika, "Nimemuzika na mudomo yangu," na kwangu huo ukawa ushahidi wa mwisho. Nililia kila siku kilio cha kweli katikati ya kilio cha uongo. Wanawake waliokuwa wamechoka kulia waliniona, wakapata nguvu tena.

Ndani, masomo yaliendelea. Wasichana walijifunga vitambaa kichwani, daftari chini ya kitenge. Mwalimu Kambale, na veste yake nyeusi, alisimama mbele yao, na mtu akichungulia aliona katekista na watu wake. Walikariri valensi za kemia kwa sauti ya rozari, mmoja anaanza, wote wanaitikia, nami huku nje nilifikiri wanamwombea Papa. Viatu vikikaribia, Mama alipaza sauti uwanjani na ndani ukuta ulifunikwa na shuka. Masika alikuwa anawafundisha wengine kemia, na wengine walimpa français. Sura yake ilikuwa imebadilika. Mara moja nilimwona anacheka, mkono mdomoni, nikamchukia pia. Nilikuwa nimemchukia kila mtu juma lile.

Papa alirudi alasiri moja, kupitia nyuma, katika migomba. Alikuwa ameona matawi kutoka mbali, na hakuthubutu kupita mbele. Mama alikuwa jikoni anakoroga maharagwe, mimi nikiwa karibu na moto. Alisimama mlangoni na gunia begani, midomo imekauka.

"Nani?" aliuliza. "Masika? Ule mudogo?" Hakuniona pale chini.

Mama alimtazama.

"Ni wewe," alisema.

Halafu mwiko ulimponyoka, akamkamata koti kwa mikono yote miwili, akampiga kifuani, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake siku zote za kilio. Nje hakuna aliyeshangaa. Mjane akilia jikoni, nani atashangaa? Mimi nilishika mguu wa suruali ya Papa na sikuuachia. Ulikuwa na udongo wa Masereka, na harufu ya viazi, na mguu ndani yake. Furaha ile sijapata tena nyingine kama yake, hata siku ya harusi yangu.

Papa alikaa kwenye kigoda. Mama alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, halafu akageuza sikio upande wa ukuta, ambako valensi zilikuwa zinaitikiwa.

"Ile ni maquis," alisema.

"Njo ile."

"Kumbe mupaka nikufe njo utafanya namna nilisema."

Mama alicheka kwa pua, na machozi bado yanashuka. Papa aliuliza finalistes wanaenda Beni siku gani, akavua viatu. "Basi," alisema, "nitabaki nimekufa mupaka baende." Akaingia chumbani, akavuta rideau, lile pazia la mlangoni, na akabaki.

Niliruhusiwa kukaa naye. Tulikula pamoja juu ya kitanda na alisikiliza watu wa uwanjani wakimsifu. Wengine walimpa fadhila ambazo hakuwa nazo, na aliniminya mkono tukacheka bila sauti. Ilikuwa hivyo mpaka siku ambayo Patron alikuja kutoka Kirumba.

Alikuja na gunia la maharagwe la rambirambi. Mama alimkaribisha chumba cha mbele, kwenye kiti cha Papa, hatua chache kutoka kwenye rideau yetu. Uwanjani askari mmoja alikuwa amekaa penye moto, anakula chakula chetu. Patron alitoa pole, ndefu na nzuri. Halafu akasafisha koo.

"Mama, mimi na marehemu tulikuwa na neno. Sasa yeye hayiko, na wewe uko na mizigo. Tusingojee tena egzame. Vita hii, nani anajua kama itafanyika? Tutamuchukua binti juma hii. Mbuzi ziko tayari. Ni kukusaidia."

Papa alisimama. Nilimwona anaweka mkono kwenye rideau, vidole vinaikunja nguo. Nilingoja atoke. Kwa hesabu yangu ilikuwa rahisi: atoke, Patron aogope mzimu, akimbie. Lakini alibaki pale, mkono juu ya nguo, shingo inatoka jasho. Nikafikiri, ni kwa sababu ya askari. Akitoka, watagundua, na wanafunzi wote watachukuliwa. Nilimwona Papa mtu shujaa sana kwa kunyamaza vile.

Chumbani kwa ukuta mweusi valensi zilikuwa zimekatika; najua Masika alikuwa anasikia.

"Neno ya marehemu ilikuwa diplôme kwanza," Mama akasema. "Masika ataenda Beni."

"Marehemu amekufa, Mama. Sasa nani anasema?"

"Mimi."

"Mama, fikiri. Ile lori..."

"Lori ni yako, Patron. Mutoto ni wangu. Ataenda Beni. Akikosa, tutasema. Lakini ataenda."

Kiti kililia. Patron hakusema kwaheri, na gunia lake alilibeba akarudi nalo, jambo ambalo kwenye kilio halijawahi kuonekana. Papa aliiachia rideau, akakaa kitandani, uso mikononi. Mama hakuja kumwona. Alirudi kwenye mkeka wake.

Finalistes walitoka asubuhi, nguo nyeusi, wakiimba, Mwalimu mbele na msalaba, kama watu wanaokwenda kumaliza kilio kwa ndugu wa marehemu. Hivyo walipita vizuizi vyote hadi Beni. Kabla ya kutoka, Masika aliingia chumbani na kumpigia Papa magoti. Papa aliweka mkono juu ya kitambaa chake cha kichwa. Nyumba ilipobaki tupu, Mama alikata matawi, na Papa akatoka uwanjani. Jirani mmoja ambaye hakuwa ameambiwa siri alikimbia.

Patron alipopata habari kwamba maiti anatembea, alisema nyumba yetu ni nyumba ya wachawi, na Papa hakupanda tena lori lake. Tangu hapo alileta viazi kutoka Masereka kwa chukudu, akisukuma mwenyewe kwenye milima, akizeeka mbele ya macho yetu.

Matokeo yalikuja kwa redio baada ya miezi, jina baada ya jina, katika kelele za mawimbi. La Masika lilikuwa katikati. Jirani waliingia na poudre, poda nyeupe, kama ilivyo desturi yetu, wakammwagia kichwani mpaka nyusi zikapotea. Alipiga kelele, alicheza, alimbeba Mwalimu Kambale akamzungusha. Watu walipopungua, Papa alikuja pale Mama alipokuwa anamkung'uta Masika mabega, akasimama, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji.

"Siku ile ya Patron," alisema. "Kama ningekuwa muzima, ningekubali."

Mama hakuacha kukung'uta.

"Ninajua," alisema. "Njo maana sikukuita."